Viazi Vikuu: Namna ya Kuvipika, na Kichwa Kisichopikwa

Karatasi hii imeandikwa kwa ajili ya wakulima wenye mashamba madogo, lakini ningependa isomwe jikoni kabla ya kusomwa shambani. Sababu yake ni hii. Katika mazao yetu mengi mbegu hukaa mbali na chungu. Mahindi ya mbegu huchaguliwa mapema, yakatundikwa darini juu ya moshi. Muhogo hupandwa kwa mti wake, na kiazi kitamu kwa marando yake, hata mtu akila mizizi yote hakuipunguza mbegu. Kiazi kikuu sivyo kilivyo. Mbegu yake ni kiazi chenyewe kiliwacho, na sehemu yake iliyo bora kwa kupandwa ni kichwa, yaani pale juu kilipoungana na shina. Basi yule ashikaye kisu jikoni ndiye aamuaye kama mwakani nyumba itakuwa na viazi vikuu au haitakuwa navyo.

Jambo hili nilijifunza kwa bibi yangu, mama mzaa mama, kabla sijaingia shule ya misheni wala kusikia habari za kilimo kutoka kwa mwalimu ye yote. Mwaka mmoja mvua za masika zilitukosa, mahindi yakakauka yangali machanga. Tulikuwa na viazi vikuu vichache chini ya mwembe nyuma ya nyumba. Kila alipochimba kimoja, bibi alikata kichwa chake kwanza, kiasi cha kiganja cha mkono, akakipaka majivu penye jeraha, akakiweka katika kapu. Sisi watoto tulikuwa na njaa, na tuliviona vichwa vile vikiongezeka kapuni siku kwa siku. Nikamwuliza, "Bibi, mbona hivi hatuvipiki?" Akanijibu, "Hivi havijawa chakula bado, mjukuu wangu. Vingoje."

Jirani zetu walipika kila kitu. Sisemi kwamba walikosa akili. Wao walikuwa na watoto saba, nasi tulikuwa watatu, na njaa ya saba si sawa na njaa ya watatu. Lakini mvua ziliporudi walikuja kuomba mbegu, bibi akawapa vichwa vinne, maana alivyokuwa navyo havikuwa vingi. Vinne havikutosha kurudisha shamba. Nimepita katika nyumba nyingi tangu siku zile, nami nimeona kwamba kiazi kikuu hupotea katika kijiji kwa njia hii hii, wala si kwa ugonjwa wala kwa wadudu tu. Hupotea kwa mlo mmoja.

Kiazi kikuu ni kipi

Watu huchanganya majina, kwa hiyo yafaa tuelewane kwanza. Kiazi kikuu si gimbi. Gimbi lina majani mapana yasimamayo juu ya vikonyo vinene, nalo hupenda mahali penye maji. Kiazi kikuu ni mmea utambaao na kujisokota juu ya mti au juu ya kijiti alichousimikia mkulima. Aina ijulikanayo zaidi pwani na visiwani ina shina lenye pembe nne, na kila pembe ina ukingo mwembamba kama pindo la nguo; majani yake yana umbo la moyo, nayo hukaa mawili mawili, moja likilielekea jingine. Chini hufanya kiazi kimoja au zaidi, pengine kirefu kama mkono wa mtu, pengine chenye vidole kama mguu wa tembo. Nyama yake ni nyeupe, au nyekundu ya zambarau, na ile rangi haina ubaya wo wote.

Majani yake hayaliwi. Nasema hivi kwa sababu mtu aliyezoea kisamvu cha muhogo na matembele ya viazi vitamu aweza kudhani kwamba kila mmea wenye chakula chini una mboga juu.

Aina hii ya pwani asili yake si Afrika. Wataalamu wasema kwamba ilitoka nchi za Asia ya kusini mashariki, ikavuka Bahari ya Hindi pamoja na mabaharia katika zamani za kale. Hata leo watu wa Madagaska wana neno ovy, nalo ni ndugu wa neno ubi la Wamalei, na yote mawili ni majina ya viazi. Afrika nayo ina viazi vikuu vyake yenyewe. Vile vya Afrika ya Magharibi vililimwa kwanza huko huko kutoka kwa mizizi ya porini, na Nigeria peke yake huvuna zaidi ya nusu ya viazi vikuu vyote vya dunia. Huku kwetu Wakikuyu huviita ikwa, nao huvipandisha juu ya mti uitwao mukungugu, ambao hukubali kupandwa kwa tawi lake na kuishi miaka mingi. Zamani kazi ya kuvipanda ilihesabiwa kwao kuwa kazi ya wanaume, kama ile ya ndizi na miwa. Wachaga huvipandisha juu ya miti ya kihamba kati ya migomba. Waganda huviita balugu. Basi asiseme mtu kwamba hiki ni chakula cha kabila fulani tu, au cha watu wa mwezi wa Ramadhani tu.

Nguvu iliyomo

Kiazi kikuu ni chakula cha kutia nguvu ya kazi. Katika gramu 100 za kiazi kilichochemshwa mna gramu 27 hivi za wanga, na vitamini C kidogo ambayo ugali hauna. Lakini protini, ile ijengayo mwili wa mtoto, ni gramu moja na nusu tu. Maharage yaliyopikwa, kwa uzito ule ule, yana zaidi ya mara tano. Kwa hiyo mtoto ashibishwaye viazi vitupu atakuwa na tumbo lililojaa na mwili usioendelea. Kiazi kisipewe mtoto peke yake. Kifuatane na kunde, choroko, dagaa, yai, maziwa, au samaki ye yote apatikanaye. Wakati wa upungufu mzazi husema, "Namshukuru Mungu, amekula ameshiba," naye husema kweli; lakini kushiba ni jambo moja na kukua ni jambo jingine.

Kukata na kumenya

Kwanza osha kiazi kingali kizima, udongo wote utoke. Kisha kata kichwa, unene wa vidole vinne pamoja na ngozi yake, ukiweke kando kabla hujaanza kazi nyingine yo yote. Usiseme utakikata baadaye. Mara nyingi nimeona kichwa kikisahauliwa kati ya maganda, mwisho kikatupwa kwa kuku.

Watu wengine huwashwa mikono wanapomenya kiazi kikuu kibichi. Hii ni kwa sababu ndani ya nyama yake mna chembe ndogo sana, kali, mfano wa sindano, zisizoonekana kwa macho, pamoja na utelezi uzishikao penye ngozi. Paka mikono mafuta ya nazi kidogo kabla ya kumenya, wala usijikune uso. Yule ambaye mikono yake haivumilii kabisa na achemshe kiazi pamoja na ngozi, amenye baada ya kuiva. Njia hii ina faida nyingine: ganda hutoka jembamba, na nyama haipotei. Nimewaona wapishi wamenyao kiazi kibichi kwa kisu kizito hata sehemu kubwa ya chakula ikaenda jaani pamoja na ganda.

Kiazi kibichi kilichokatwa hugeuka rangi kikikaa hewani, kikawa cha hudhurungi. Hakijaoza. Tia vipande katika maji yenye chumvi au ndimu kidogo mara baada ya kuvikata, vitabaki vyeupe. Kiazi kikuu hakiliwi kibichi kamwe, hata kipande kidogo cha kuonja.

Tena mpishi na ajue kwamba kiazi kimoja hakiivi sawasawa. Sehemu ya chini ndiyo changa, ina maji mengi zaidi, nayo huiva upesi; sehemu ya juu karibu na kichwa ni kavu na ngumu zaidi. Vipande vya juu vitangulie chunguni, vya chini vifuate baadaye kidogo.

Mapishi

Lililo jepesi ni kutokosa kwa maji na chumvi. Vipande vyenye unene wa vidole viwili huiva kwa dakika 20 au 30, kwa kadiri ya aina ya kiazi na moto wako. Tia maji ya kufunika tu, maana vitamini huenda na maji yamwagwayo. Huliwa asubuhi kwa chai, au shambani vikiwa vimefungwa katika jani la mgomba, navyo hukaa tumboni kwa muda mrefu kuliko mkate.

Lakini pishi lililonifanya nikipende kiazi hiki ni lile la nazi, kama lipikwavyo Unguja na Pemba na pwani yote ya mrima. Nitalieleza kwa utaratibu, kwani watu wa bara mara nyingi huliharibu kwa haraka. Kwa watu sita chukua kilo moja na nusu ya viazi vilivyokwisha menywa, nazi mbili kubwa, kitunguu kimoja, pilipili mbichi mbili, ndimu moja na chumvi. Kuna nazi. Kamua tui zito kwa maji kidogo ya vuguvugu, uliweke mbali. Kisha tia maji mengine katika chicha, kamua tui jepesi. Panga viazi katika sufuria, vile vya sehemu ya juu vikiwa chini karibu na moto, tia kitunguu kilichokatwa, pilipili nzima nzima zisipasuke, chumvi, na tui jepesi hata vipande vifunikwe. Pika kwa moto wa kawaida mpaka kisu kiingie bila kusukumwa. Hapo punguza moto, toa kuni mbili kati ya mafiga, ndipo umimine tui zito. Tangu sasa usiondoke jikoni. Tikisa sufuria, au koroga polepole kwa mwiko ukipitisha pembeni, mpaka tui lianze kuchemka. Likiachwa bila kukorogwa hukatika, mafuta yakajitenga na maji, na chakula kikawa na sura ya kusikitisha ingawa chaliwa. Likisha kuchemka kidogo, epua, kamulia ndimu. Rojo lake liwe zito kiasi cha kushika kipande, lisiwe supu.

Chakula hiki huliwa na samaki wa kukaanga au mchuzi wa papa mkavu. Asiye na samaki na achemshe kunde mbali, azitie pamoja na tui jepesi. Mimi mwenyewe nazipenda kunde zaidi, lakini hili nisiliseme mbele ya watu wa Pemba.

Siku za Ramadhani kiazi kikuu huwa chakula cha futari pamoja na muhogo, magimbi na ndizi, na bei yake sokoni hupanda. Mkulima aliye karibu na mji na alikumbuke hilo. Kwa kuwa mwezi ule husogea nyuma siku 10 au 11 kila mwaka katika kalenda ya kizungu, kuna miaka uangukapo wakati wa mavuno na miaka uangukapo mbali nayo. Atunzaye viazi vyake vizuri ghalani ndiye auzaye katika miaka yote miwili.

Kuoka katika majivu ya moto ni njia ya zamani na tamu. Kiazi hufukiwa kizima pamoja na ngozi, kisha hupasuliwa na kukwanguliwa palipoungua. Yafaa kwa viazi vidogo. Kiazi kikubwa huungua nje nacho kingali kibichi ndani. Kukaanga nako kwajulikana: kichemshwe kwanza nusu, kikatwe vipande vyembamba, kikaangwe, kitiwe chumvi na pilipili ya unga.

Kwa mtoto aliyetimiza miezi 6, ponda kiazi kilichoiva sana kwa mwiko, changanya na maharage yaliyochujwa maganda, au dagaa waliosagwa unga, au yai lililoiva, ulainishe kwa maziwa au kwa tui. Asipewe chenye pilipili, wala kilicholala.

Watu wa Afrika ya Magharibi hutwanga viazi vilivyochemshwa katika kinu mpaka vivutane kama donge la ugali, wakala kwa mchuzi. Nimeona watu wetu wakijaribu kwa viazi vyetu vya pwani, wakapata kitu kisichoshikana, wakasema kwamba wamedanganywa. Hawakudanganywa, viazi vile vya magharibi ni vya aina nyingine, na aina yetu haivutani vizuri. Yetu yafaa zaidi kwa nazi na kwa kuoka.

Jambo moja la kwao latufaa sana, nalo ni unga. Kila mavuno yana viazi vilivyokatwa na jembe au kuvunjika, navyo havikai. Vimenye, vikate vipande vyembamba, vitie katika maji ya moto yasiyochemka, uviache humo hata kesho yake. Kisha vianike juani juu ya mkeka au paa safi mpaka vikatike kwa sauti. Twanga, chekecha, weka katika chombo kikavu chenye kifuniko. Unga huu husongwa ugali wa rangi ya hudhurungi. Atakayeuona mara ya kwanza asishtuke kwa rangi yake. Vipande vikiota ukungu kabla ya kukauka, vitupwe, wala visitwangwe kwa kudhani kwamba moto utaviponya, kwani sumu ya ukungu mwingine haifi kwa kupikwa.

Kiazi kiuacho

Sasa nafika kwenye jambo ambalo kwa ajili yake peke yake ingefaa karatasi hii iandikwe.

Porini mna jamaa za kiazi kikuu. Wengine ni wema. Huko Mtwara na Lindi watu huchimba ming'oko, mizizi midogo ya porini, wakaiosha na kuichemsha, wakaila na kuiuza sokoni, na imewaponya wengi katika miezi ya upungufu. Lakini yuko jamaa mwingine ambaye watu wengine wa pwani humwita ndiga, na kila nchi ina jina lake. Kwa hiyo usilitegemee jina, tazama jani. Kiazi kikuu cha shambani kina jani moja kwa kila kikonyo, lenye umbo la moyo. Ndiga ana vijani vitatu katika kikonyo kimoja, mfano wa jani la maharage, na shina lake mara nyingi lina miiba au vinyweleo. Ukiona vijani vitatu, au vitano, juu ya mmea utambaao wenye kiazi chini, acha. Usichimbe, wala usimruhusu mtoto kuchimba.

Sumu yake huushika ubongo na mishipa ya fahamu. Mtu huungua kinywa na koo, hulegea, husinzia, kisha hushikwa na degedege, naye aweza kufa. Kuchemsha peke yake hakuitoi sumu hiyo. Hapa ndipo watu wakosapo, kwani wamezoea kuona kwamba muwasho wa kiazi kikuu huisha kwa moto, wakadhani kwamba na uchungu wa ndiga utaisha vivyo hivyo.

Wazee wa sehemu nyingi walijua kumtengeneza: walimkata vipande vyembamba sana, wakamloweka siku tatu au zaidi katika maji yapitayo au maji ya chumvi yabadilishwayo mara kwa mara, kisha wakampika na kumwaga maji. Nalitaja hili ili msomaji ajue kwamba halikuwa jambo jepesi, wala sikulitaja ili ajaribu. Kipande kimoja kilichokatwa kinene chaweza kubaki na sumu ndani hali vingine vyote vimesafika. Maji yake nayo yasimwagwe mahali wanywapo mbuzi.

Nilipokuwa nikizunguka katika vijiji mwaka mmoja wa ukame, nilimkuta mama mmoja njiani amebeba kapu. Nikamwamkia, naye akanitua mzigo mbele. "Mwalimu," akasema, "nimeambiwa wewe ni mtu wa viazi. Hivi ni vikuu, au sivyo?" Nikamwuliza, "Mama, majani yake umeyaona?" Akasema yalikwisha kauka, alichimba kwa kufuata kamba iliyokufa. Tulirudi pamoja mpaka pale alipochimba, mwendo wa saa nzima, tukatafuta chini ya kichaka mpaka tukapata jani moja kavu, bado lina vijani vyake vitatu. Akaketi chini. Watoto wake walikuwa hawajala tangu jana, nami sikuwa na cho chote mfukoni ila karatasi zangu. Nilimpeleka kwa mwenyekiti wa kijiji, akapewa mahindi ya mkopo. Namkumbuka kwa sababu hakula kwanza na kuuliza baadaye. Ye yote achimbaye porini wakati wa kiangazi, majani yakiwa yamekwisha anguka, yumo katika hatari ile ile. Afadhali mahali pa mizizi myema pawekwe alama wakati wa mvua, majani yangalipo.

Mtu akila kiazi cha porini akaanza kulegea au kutetemeka, apelekwe hospitali upesi, na kipande cha kiazi kile kichukuliwe pamoja naye ili mganga akione. Asilazimishwe kutapika wala kunyweshwa kitu akiwa hana fahamu.

Kutunza viazi na vichwa

Viazi vya kula huchimbwa majani yakisha geuka manjano na kukauka, yaani miezi 8 mpaka 10 tangu kupandwa. Kila jeraha ni mlango wa kuoza. Chimba kwa mti uliochongwa, ukiondoa udongo pande zote kabla ya kukivuta kiazi. Vilivyojeruhiwa vitengwe, viliwe kwanza au vifanywe unga. Vizima viwekwe siku tano au sita mahali penye joto na kivuli, vimefunikwa kwa nyasi au magunia, ili majeraha madogo yafanye ngozi mpya. Baadaye vipangwe juu ya uchaga, visilundikwe, hewa ipite kati yao, na kila juma mtu avitazame, aondoe kilicholainika. Vikitunzwa hivyo hukaa miezi minne, na pengine zaidi. Mwenye jokofu asivitie humo vikiwa vibichi na vizima, kwani baridi kali huviharibu ndani, vikaoza upesi vitolewapo.

Vichwa vikatwavyo jikoni vipakwe majivu makavu penye jeraha, vikae kivulini siku moja au mbili mpaka jeraha likauke, kisha viwekwe katika kapu lenye matundu mahali pasipo moshi mwingi wala panya. Visigusane na ardhi yenye unyevu. Kiazi kikuu hulala usingizi wake miezi miwili, mitatu au zaidi baada ya kuvunwa. Kichwa kisipochipua mapema usidhani kwamba kimekufa. Kikwangue kidogo kwa ukucha: kikiwa na maji na weupe chini ya ngozi, ni kizima. Kichwa kizuri kina uzito wa gramu 200 au 300. Kikiwa kidogo sana, mmea utatoka dhaifu na kiazi chake kitakuwa kidogo vile vile, na mwaka wa pili kichwa chake kitapungua zaidi.

Asiye na vichwa vya kutosha aweza kupanda vipande vya kiwiliwili cha kiazi, kila kipande kikiwa na ngozi yake, navyo huchipua, ila hukawia majuma kadhaa nyuma ya vichwa. Vipandwe mahali pake peke yao, visije vikafunikwa na kivuli cha vile vilivyotangulia.

Chimba shimo la kina cha mkono mmoja na upana ule ule, wiki mbili au tatu kabla ya mvua. Lijaze majani makavu, samadi iliyooza na udongo wa juu, lifanye tuta dogo ili maji yasisimame. Weka kichwa kina cha vidole vinne, chipukizi likitazama juu, funika kwa nyasi. Kijiti kiwe kirefu kumpita mtu, nacho kisimikwe siku ile ile ya kupanda. Akisimikaye baadaye hutoboa kiazi bila kujua. Penye mti hai, panda hatua moja kutoka shina lake, uuongoze mmea kwa kamba mpaka ushike tawi.